Santuri Zilizoanikwa na Kahawa

"Umezianika?"

"Nimezianika."

"Juani?"

"Sasa mulamu, shemeji yangu, kitu kinaanikwa wapi? Kisimani?"

Ephrasia alikuwa ameinama juu ya jamvi la kahawa nyuma ya nyumba yake, pale Kaagya, ameshika santuri iliyolegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Akiinua upande huu, inainama upande ule. Kwenye jamvi zilikuwa zimebaki kumi nyingine, zimepangwa vizuri katikati ya kahawa, kwa nafasi, ili kila moja ipate jua lake. Aliyezipanga, Karugendo, mdogo wake marehemu mumewe, alisimama pembeni na reki mkononi, tayari kuzigeuza upande wa pili.

"Zilikuwa na unyevu," alisema Karugendo. "Miaka yote hii nazisikia. Kra, kra, kra. Kahawa mbichi ukiipeleka ushirika, si wanakurudisha nayo nyumbani? Sasa Lukmani ni mtu wa mjini, anakuja na baiskeli nzima yenye kengele. Nimpe mali yenye unyevu?"

"Karugendo, sauti haianikwi!"

"Kila kitu kinaanikwa. Maharage yanaanikwa, dagaa wanaanikwa, godoro la mtoto linaanikwa. Santuri ni nani?"

"Ni za nani, ndiyo uliza."

"Ni za nyumba ya kaka yangu. Na mrithi wa nyumba ya kaka yangu ni nani?"

Hapo ndipo lilipokaa neno lenyewe. Unyevu ulikuwa mlango tu wa kuingilia. Alasiri ile ile Lukmani, fundi cherehani wa Bukoba mjini, alikuwa anakuja kubadilishana. Karugendo angepata baiskeli ya kupelekea pombe yake ya ndizi hata Kanazi. Lukmani angepata gramafoni na santuri zake. Ephrasia angebaki na stuli ambayo gramafoni ilikuwa inakalia. Sasa santuri kumi na moja zilikuwa zimegeuka masikio ya tembo, na ilibaki moja, ambayo hailali sebuleni pamoja na wenzake. Inalala kwenye sanduku la nguo, katikati ya kanga mbili. Karugendo alilijua hilo.

"Ya kumi na mbili iko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mimi."

"Mawe!" alimaka Karugendo kwa kilugha, akaitazama reki yake kana kwamba ndiyo itakayotoa hukumu.

Ephrasia hakuwa mzaliwa wa Kaagya. Alizaliwa upande wa Muleba, binti wa nne katika nyumba ya mabinti kumi na mmoja, na wengine husema kumi na wanne, kwa kuwa baba yao akiwahesabu alikuwa akifika wa tisa analala usingizi. Alipopata kimo cha kufikia kamba ya nguo, alipelekwa Kashozi kwa masista, akafundishwa kufua na kupiga pasi. Kusoma hakufundishwa, wala hakuomba. Lakini pasi aliijua. Kanzu za mapadre alizipiga zikang'aa hata jogoo wa misheni akawa anawika mara mbili: mara moja jua linapotoka, na mara ya pili Ephrasia anapoanika.

Pale misheni palikuwa na padre mzee, Mholanzi, ambaye watu walimwita Padre Ndevu kwa sababu zilizoonekana toka mbali. Kila alipomaliza chakula cha mchana alifunua sanduku lake la gramafoni, akazungusha mkono wa chuma ubavuni, akalaza sindano juu ya santuri, akafumba macho. Siku ya kwanza Ephrasia kuisikia sauti ile alikuwa na pasi ya mkaa mkononi. Aliisahau pale ilipokuwa. Padre Ndevu alivaa kanzu yenye alama ya pasi kwenye mkono mpaka siku aliyoondoka nchini, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

"Padre," aliuliza Ephrasia, "hiyo ni mvua kwenye mabati?"

"Ni mtu. Anapiga piano."

"Wako wangapi?"

"Mmoja."

Hakuamini. Yeye alikuwa amehesabu wanne: wawili wanapanda kilima wakikimbizana, mmoja anateremka taratibu, na mmoja amesimama mlangoni, anasema maneno machache kwa sauti nzito. Mikono miwili haitoshi kazi hiyo. Hata kumenya ndizi za kulisha wageni wanne kunataka mikono zaidi.

"Na anakaa wapi huyo mmoja?"

"Amekufa, binti yangu. Alikufa kabla wewe hujazaliwa."

Ephrasia aliweka pasi kwenye kigae chake. Kwao wafu walikuwa wanakuja, hilo si jambo geni. Walikuja kuomba pombe, walikuja kuuliza kwa nini mjukuu hakupewa jina lao, walikuja kusumbua. Huyu alikuwa anakuja kufanya kazi yake tu, haombi kitu, na akimaliza anaondoka. Hakuwahi kusikia maiti mwenye adabu namna ile.

Tena palikuwa na mahali pamoja. Katika santuri moja, yenye karatasi nyekundu katikati, karibu na mwisho wale wawili wanaokimbizana wakikaribia kileleni, kidole kimoja kilikuwa kinateleza. Sauti moja inatoka isiyo ya ukoo ule. Halafu mtu yule anaendelea kana kwamba hakuna aliyemwona.

"Hapo amekosea," alisema Padre Ndevu siku moja, bila kufumbua macho.

"Mbona hawakumwambia arudie?"

"Siku zile hapakuwa na kurudia. Sauti ilikuwa inachongwa kwenye nta palepale anapopiga. Ukijikwaa, unaendelea."

Tangu hapo ndiyo ikawa santuri yake. Alisubiri mahali pale kama anayesubiri mtu kwenye njia panda. Kila siku mtu yule alijikwaa palepale, na kila siku hakusimama. Masista walidhani Ephrasia anasali.

Bendera mpya ilipopandishwa, mwaka uliofuata Padre Ndevu akaambiwa arudi kwao akapumzike. Kabla ya kuondoka alifungisha ndoa yake ya mwisho, na ilikuwa ya Ephrasia na Ildefons wa Kaagya, mkulima wa kahawa, mtu mkimya kiasi kwamba jirani mmoja alikaa miaka miwili akidhani ni bubu. Nje ya kanisa, mbele ya ngoma na vigelegele, Padre Ndevu alitoa gramafoni na santuri kumi na mbili.

Sasa bibi harusi wa siku zile alikuwa anafunikwa gubigubi. Haoni, hasemi, na mikono haitoi nje hata nyuki akimwuma. Padre alisogeza sanduku mbele, mikono ya kulipokea haikuwapo, akaliweka kwenye mikono ya Ildefons. Akamsogelea sikioni akasema neno. Vigelegele vilikuwa vingi. Aliyekuwa karibu hata kuweza kusikia ni mmoja tu, msimamizi wa bwana harusi, naye alikuwa Karugendo.

Ildefons alilibeba sanduku kichwani toka Kashozi hadi Kaagya. Usiku wa siku ile alimwambia mkewe maneno marefu kuliko yote aliyowahi kumwambia: "Padre alisema nikushikie." Akamshikia miaka kumi. Halafu akafa, ghafla, akiwa anapunguzia migomba majani, na hakuacha mtoto wa kiume wala wa kike. Ukoo ukakaa. Karugendo akawa mrithi wa kibanja, shamba la migomba na kahawa, Ephrasia akaachiwa nyumba na migomba ya chakula chake. Kuhusu gramafoni Karugendo alisema alichokiona: mtu alitoa, kaka yake akapokea. Kuhusu neno la sikioni alisema ngoma zilikuwa nyingi.

Hata hivyo kwa miaka mitatu Karugendo alikuwa hajaligusa sanduku lile. Lilikuwa linakaa kwake tu, kwa Ephrasia, na lilikuwa na kazi nyingi.

Kaagya ilipoandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa hakuna aliyehama, kwa kuwa migomba haihami. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na shamba la pamoja la kahawa, na siku za kulilima, na balozi wa nyumba kumi, Ta Mutembei, aliyekuwa anapita kuhakikisha. Siku moja alipita akasikia.

"Ma Ephrasia, huyo anasema nini?"

"Hasemi, waitu, mzee wangu. Anapiga tu."

"Mtu anatoka Ulaya mpaka hapa, halafu hasemi? Anaficha kitu."

Akakaa kusikiliza ili amkamate. Alisikiliza santuri zote kumi na mbili, pande zote, akatafuna punje mbili za kahawa, akasinzia kidogo, akaamka. Alipoondoka alitoa amri kwamba sanduku lile lipelekwe shamba la pamoja siku ya palizi. Likapelekwa. Siku hiyo magugu ya ekari tatu yaling'olewa kabla umande haujakauka, na inasemekana mengine yalitoka yenyewe yakajilaza pembeni. Asiyeamini aende Kaagya akatafute gugu la mwaka ule kama ataliona.

Baadaye sindano zikaisha. Madukani palikuwa hakuna sukari wala sabuni, ndiyo ipatikane sindano ya gramafoni? Ephrasia alikwenda kwenye mlimau uliokuwa nyuma ya choo cha Ta Mutembei, mti mkali, ambao mbuzi alikuwa anauzungukia mbali, akachuma miiba. Aliikausha juu ya dari la jikoni, akaichonga kwa kisu cha kumenyea. Mwiba mmoja ulipiga pande mbili, halafu unachongwa tena. Sauti ilitoka laini zaidi, mwenye piano akawa kama amevua viatu.

Kila alipomweka kazini mpiga piano huyo, Ephrasia aliweka punje mbili za kahawa ya kutafuna pembeni ya sanduku, juu ya kipande cha jani, kama anavyowekewa mtu yeyote anayeingia nyumbani. Karugendo alimcheka kwa hilo mbele ya watu.

"Shemeji yangu anampa kahawa mzungu asiye na meno!"

"Mgeni ni mgeni," alisema Ephrasia. Kisha punje zile alizitafuna mwenyewe.

Na Karugendo alikuwa karibu kila alasiri, kwa sababu mtumbwi wake wa kukamulia ndizi ulikuwa nyuma ya jiko la Ephrasia. Ulikuwa mti mmoja uliochimbwa, mrefu wa kulaza watu wawili, nao hauhamishiki. Humo anamwaga ndizi zilizoivishwa shimoni siku sita, anachanganya nyasi, anaosha miguu mpaka magotini, anapanda, anashika mti wa kushikia, anakanyaga. Zamani pombe yake ilikuwa ya kawaida, inanywewa na ndugu kwa kuoneana haya. Katika miaka hii ya karibuni ilikuwa inafuatwa na watu wa vijiji vitatu. Mzee mmoja aliinywa akaoa tena. Karugendo alisema ni nyasi zake. Akaanza kuota Kanazi, na mtu anayeota Kanazi anahitaji baiskeli, na hivyo ndivyo Lukmani alivyoingia katika habari.

Basi wakawa wamesimama pale, jamvi katikati yao.

"Nipe hiyo moja," alisema Karugendo. "Sanduku bila santuri Lukmani atalifanyia nini? Ataweka vifungo?"

"Sikupi."

"Nitaiita jamaa ya ukoo."

"Iite. Waje waone ulivyopika zile kumi na moja."

Karugendo alitazama jua. Limekwisha kuvuka. Kwenye mtumbwi ndizi zilikuwa zimejaa, zimeiva zinabonyea, na ndizi zikifika hapo hazisubiri kesi. Zisipokamuliwa leo, kesho ni za nguruwe. Aliweka reki chini, akaanza kuosha miguu kwa hasira.

Ephrasia alivuta kigoda akakaa. "Kanyaga tu," alisema. "Lakini leo sikupigii. Uzoee. Ndivyo utakavyokanyaga kuanzia kesho."

"Ulikuwa unanipigia mimi? Unampigia mzungu wako. Mimi nakanyaga kwa miguu niliyozaliwa nayo."

"Haya. Tuione."

Akapanda. Akakanyaga. Miguu ilianza polepole, kisha ikapata njia yake: miwili ya haraka, mmoja wa taratibu, kisigino kizito mara moja. Kidole cha Ephrasia kilikuwa kinagonga goti. Mara mguu wa kushoto wa Karugendo ukateleza, akakamata mti kwa mikono yote miwili.

"Umejikwaa," alisema Ephrasia.

"Ndizi zinateleza. Ndiyo kazi yake."

"Anza tena."

Alianza tena, kwa kuwa hakutaka aonekane amekataa. Miwili ya haraka, mmoja wa taratibu, kisigino. Na ilipofika, mguu wa kushoto ukateleza palepale.

"Miaka mitano nakuona," alisema Ephrasia. "Hapo hujawahi kupita salama. Yeye anateleza kidole, wewe unateleza mguu."

"Yeye nani?"

"Huyo unayempeleka mjini."

Karugendo alisimama katikati ya ndizi. Uso ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba kanzu yake ina mkia. Akasema hiyo ni bahati mbaya tu, na sasa atakanyaga kama baba yake alivyokanyaga, kwa mwendo wa ngoma. Akajaribu. Alipiga kishindo mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Ndizi zikawa matope, nyasi zikajikunja pembeni, maji hayakutoka. Alilaumu nyasi. Akazibadilisha nyasi. Jua likazidi kuvuka, na jasho lilikuwa linamtoka kuliko maji ya ndizi.

Ephrasia aliinuka, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na sanduku kichwani na kanga mbili kifuani. Aliweka sanduku juu ya stuli mlangoni, akafunua kanga, akatoa santuri yenye karatasi nyekundu, akapachika mwiba, akazungusha mkono. Akaweka jani, juu yake punje mbili za kahawa. Karugendo aliziona. Safari hii hakucheka.

Kra, kra, kra, na wale wawili wakaanza kupanda kilima.

Miguu ilikwenda yenyewe. Hazikupita pumzi kumi, maji yakaanza kuchuruzika kwenye nyasi, meupe, yenye povu, yakasogea kwenye mdomo wa mtumbwi. Santuri ilikwisha, Ephrasia akairudisha mwanzo. Ikaisha, akairudisha.

"Mulamu," alisema Karugendo toka juu ya ndizi.

"Sema."

"Baiskeli nimekwisha kuitangaza kijiji kizima."

"Basi ichukue."

"Na miguu?"

"Miguu utaendeshea baiskeli."

Karugendo alikanyaga mzunguko mzima. Ukafika mahali pale, akateleza, akajishika, akaendelea.

"Lakini mimi niliona kwa macho yangu mawili," alisema, na sauti ilikuwa imepungua nguvu. "Padre alitoa. Ildefons akapokea."

"Na mikono yangu ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa imefunikwa."

"Ingekuwa wazi, angempa nani?"

Miwili ya haraka, mmoja wa taratibu.

"Ta Karugendo," alisema Ephrasia, na kwa miaka mitatu alikuwa hajamwita kwa heshima hiyo. "Wewe ulikuwa ubavuni pake. Sikio lako na la kaka yako yangeweza kuvaa hereni moja. Ildefons aliniambia alichoambiwa, na Ildefons hayupo. Umebaki wewe. Nimekukosea nini? Sema tu ulichosikia, kisha lichukue ukitaka."

"Ngoma zilikuwa..."

"Ngoma zilikuwa upande wa pili wa kanisa."

Karugendo alitazama miguu yake kwenye povu. Aliitazama kama anataka iseme badala yake, kwa vile imekwisha kumsaliti mara mbili siku hiyo. Akafuta jasho kwa bega.

"Alimwinamia," alisema. "Zile ndevu ziliniingia mpaka mimi. Akamwambia, Ildefons, hiki kitu mshikie..."

"Hodi wenyewe! Hodi humu!"

Kengele ililia mara tatu kwenye migomba. Lukmani alitokea, kofia ya kiua kichwani, amekumbatia usukani wa baiskeli inayong'aa, amefungia gunia nyuma la kuchukulia mzigo. Alisimama. Aliona jamvi lenye masikio ya tembo katikati ya kahawa, aliona mwanamke ameketi mlangoni, aliona mtu wake yuko katika ndizi hadi magotini.

"Nimefika, bwana. Ndilo hilo sanduku lenyewe? Mbona linakwaruza, lina..."

Karugendo alinyanyua mkono mmoja juu, kiganja wazi, na ule mwingine ulibaki umeshika mti. Wale wawili wa kwenye santuri walikuwa wanakaribia kileleni. Mguu wa kushoto ukateleza mahali pake. Akaendelea.

"Nyegera, karibu, Lukmani," alisema bila kusimama. "Egesha baiskeli hapo kwenye mgomba, uchukue kahawa utafune. Mgeni wa shemeji yangu hajamaliza."